Kwa Nini Asali Hupimwa Maabara?

Buzebazeba ni kata ya mji wa Kigoma-Ujiji. Mkoani kwetu asali nyingi hutoka katika misitu ya miombo, kama ile ya Kasulu na Kibondo.

Mnunuzi hutaka asali safi. Huchovya njiti ya kiberiti katika asali, kisha huiwasha. Njiti ikiwaka, husema asali haina maji. Lakini, ndugu msomaji, njiti haionyeshi mabaki ya dawa. Macho, pua na ulimi pia haviyatambui.

Ni dawa gani hizo? Ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Mojawapo ni tetrasaiklini, ambayo wengi huiita rangi mbili. Katika nchi nyingine, watoto wa nyuki wakiugua, wafugaji hutia dawa hizo mzingani. Mabaki yake hubaki katika asali.

Mabaki hayo si mazuri kwa mlaji. Bakteria wakikutana na dawa kidogo kidogo, huizoea. Siku mtu akiugua, dawa hiyo huweza kushindwa kumponya.

Maabara, mtaalamu huyeyusha asali kidogo katika maji na kuichuja. Kisha huipitisha katika mashine inayotenganisha vitu vilivyomo na kuvitambua kimoja kimoja. Mashine hiyo huweza kugundua gramu 1 ya dawa katika tani 1,000 za asali. Huo ni mzigo wa malori 100 ya tani 10.

Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia asali ya China, kwa sababu ya mabaki ya dawa iitwayo kloramfeniko. Zuio lilikuwa la nchi nzima. Hata mfugaji asiyetumia dawa alikosa soko hilo.

Tanzania nayo huuza asali Ulaya. Asali ya wafugaji wengi humiminwa katika pipa moja. Ndoo moja yenye dawa huharibu pipa zima.

Basi tufanye hivi:

1. Tusitie rangi mbili wala dawa nyingine mzingani.
2. Tusiweke asali katika chombo kilichokuwa na dawa ya mifugo au ya mimea.
3. Nyuki wakiugua, tumwarifu afisa nyuki.
4. Kila ndoo tuiandike jina la mfugaji, kijiji na tarehe ya kurina. Kosa likionekana, ndoo yenye kosa itajulikana.

Maswali

1. Njiti ya kiberiti haiwezi kuonyesha nini?
2. Kwa nini ndoo moja huweza kuwaponza wafugaji wengi?
3. Andika maneno ambayo ungeyaweka juu ya ndoo yako.