Wizi wa balbu katika nyumba za kupanga Mtwara: Dawa yake i wapi?

MJI wa Mtwara hauna sababu ya kulala gizani. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, jirani na mdomo wa Mto Ruvuma, mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2007 gesi hiyo ikawa inaendesha mitambo ya kuupatia mji huu umeme. Mwaka 2015 bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam lilikamilika, baada ya mvutano ulioutikisa mkoa mzima mwaka 2013.

Hata hivyo, si ajabu kwa mtu anayeingia usiku katika nyumba ya kupanga iliyopo Majengo, Chikongola au Magomeni kujikuta akipapasa ukuta wa korido kama kipofu, ilhali taa za vyumbani zinawaka vizuri na redio zinasikika. Umeme haujakatika. Kilichokosekana ni balbu moja tu, ambayo juzi ilikuwapo na jana haikuonekana.

Wizi wa balbu, au globu kama wengine wanavyoziita, ni wizi mdogo kiasi kwamba mtu huona haya kwenda kuueleza kituoni. Lakini madhara yake si madogo. Mama mjamzito anayelazimika kwenda chooni saa nane za usiku hupita katika uani wenye ndoo, majiko ya mkaa na kamba za kuanikia nguo. Mtoto anayeogopa giza hujisaidia mlangoni. Kibaka aliyejibanza nyuma ya bafu haonekani, na nyoka aliyeingia kufuata panya haonekani pia.

Kuielewa aina hii ya wizi kunahitaji kwanza kuitazama nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo makazi ya wapangaji wengi katika miji ya pwani, huwa na korido inayopita katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma yake uani wenye jiko, bafu na choo cha pamoja. Vyumba sita vinaweza kuwa familia sita, au familia nne na wanafunzi wawili wa chuo.

Kila chumba kina balbu yake na kila balbu ina mwenyewe. Zinabaki nne zisizo na mwenyewe: ya barazani, ya koridoni, ya uani na ya chooni. Hizo ndizo zinazopotea.

Mwenye nyumba husema kuwa balbu huungua mikononi mwa wapangaji, hivyo wanunue wao. Mpangaji husema kuwa nyumba si yake. Aliyenunua mara ya mwisho husubiri mwingine anunue, na mwingine naye husubiri. Katika hali hiyo, anayeichomoa balbu ya chooni na kuifunga chumbani kwake hajioni kuwa ameiba kwa mtu.

Ni vema ikasemwa wazi kuwa wezi wa balbu si wa aina moja. Yupo wa nje, ambaye huvizia ya barazani kwa kuwa iko jirani na barabara, na huenda kuiuza kwa bei ya kutupa. Yupo wa ndani, ambaye yake imeungua katikati ya mwezi na hana fedha. Na yupo wa tatu, asiyezungumzwa sana, ambaye huichomoa balbu si kwa kuitaka bali kwa kutaka isiwake.

Huyo wa tatu anatokana na LUKU. Nyumba nyingi za aina hii zina mita moja, na wapangaji huchangishana kununua umeme. Mwenye balbu moja na redio huchanga sawa na mwenye friji na pasi, na manung'uniko yake hutafuta pa kutokea. Kwa kuwa hawezi kuingia chumbani kwa jirani na kuzima friji, huizima taa ya korido, na ikiwashwa tena, huiondoa kabisa.

Hesabu inaonyesha kuwa zamani malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 0.72, sawa na uniti 21.6 kwa mwezi. Kwa bei ya Sh 292 kwa uniti iliyopangwa mwaka 2016 kwa wateja wa kawaida, kabla ya kodi na tozo, hiyo ni takriban Sh 6,300. Ipo bei nafuu ya Sh 100 kwa wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi, lakini familia sita zinazotumia mita moja huvuka kiwango hicho kwa urahisi na kuipoteza nafuu hiyo.

Balbu ya LED ya wati tisa, yenye mwanga unaokaribia ule wa wati 60, kwa saa hizo hizo hutumia uniti 3.24 tu kwa mwezi, ambazo ni kama Sh 950. Zikigawanywa kwa vyumba sita, kila chumba hulipia Sh 160 hivi. Fedha hiyo haifai kuwa chanzo cha ugomvi wa mwezi mzima, ingawa katika nyumba ambayo hakuna aliyeipiga hesabu, ugomvi unaendelea vile vile.

Lakini teknolojia hiyo hiyo iliyopunguza gharama imemrahisishia mwizi kazi. Balbu ya kizamani ilikuwa ikijilinda yenyewe kwa joto. Ikiwa imewaka, kioo chake kiliunguza vidole, na mwizi alihitaji kitambaa au alisubiri izimwe. Ya LED hushikika kwa mkono mtupu hata ikiwa inawaka.

Zaidi ya hapo, ile ya zamani ilikadiriwa kuishi kwa takriban saa 1,000, yaani chini ya miezi mitatu kama inawaka usiku kucha. Aliyeiiba huenda alikuwa ameiba kitu kilichobakiza wiki mbili. Balbu za LED huandikwa saa 15,000 au zaidi, sawa na miaka mitatu na ushei ya kuwaka kila usiku. Mwizi wa sasa anachukua mali inayodumu.

Tatizo hili si la Mtwara pekee, na wapo waliolitafutia ufumbuzi muda mrefu uliopita. Treni za chini ya ardhi za New York, Marekani, zilitumia balbu zenye skrubu ya kuzunguka kinyume, zinazofungwa kwa kuzungushwa kushoto. Aliyeiba alifika nayo nyumbani na kukuta haiingii kwenye holda yake. India nayo iliendesha taa na feni za mabehewa yake kwa umeme wa volti 110 wa mkondo mmoja, ambao vifaa vyake havitumiki katika nyumba za kawaida.

Mbinu hizo mbili zina wazo moja: si lazima kumzuia mwizi asifike, inatosha kumfanya asione faida ya alichokichukua.

Wazo hilo linaweza kutumika hata Chikongola bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Madukani zipo balbu za aina mbili, za pini mbili zinazosukumwa juu na kuzungushwa kidogo, na za skrubu. Kama vyumba vyote vya nyumba vina holda za pini, fundi akifunga holda za skrubu koridoni, uani na chooni, mwizi wa ndani anakosa pa kuitumia balbu aliyoiba. Gharama ni ya holda tatu au nne na ujira wa fundi. Vipo vipachiko vya kubadili aina moja kwenda nyingine, hivyo njia hii haimzuii aliyedhamiria. Inamzuia yule aliyeamua ghafla saa nne za usiku, ambaye pengine ndiye aliye wengi.

Ni vizuri pia kujua kuwa balbu ya skrubu ina hila yake. Mtu anaweza kuilegeza nusu mzunguko ikazimika bila kuondolewa. Wenzake wakidhani imeungua, huiacha, na siku ya tatu inapotoweka hakuna anayeiulizia. Kabla ya kutangaza kuwa taa imekufa, ni busara swichi izimwe kwanza, kisha balbu ikazwe na kujaribiwa tena.

Kwa balbu ya barazani, inayotazamana na mwizi wa nje, dawa iliyozoeleka ni kizimba cha chuma. Fundi wa kuchomelea hutengeneza kikapu cha nondo nyembamba au wavu mzito, kikafungwa ukutani kwa skrubu ndefu na kufuli. Hapa pwani adui wa kizimba ni chumvi. Katika nyumba za Shangani, na zaidi Msimbati ambako upepo wa bahari haukatiki, chuma kisichopakwa rangi ya kuzuia kutu huliwa, na kufuli hugoma kufunguka siku balbu inapotaka kubadilishwa. Rangi hiyo ipakwe kabla ya kufungwa, si baada ya kutu kuonekana, na kufuli liwekwe mafuta mara kwa mara.

Swali la nani ashike ufunguo lina uzito kuliko linavyoonekana. Akiushika mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine, balbu ikiungua Ijumaa giza litakaa hadi arudi. Katika nyumba zenye utulivu huwa yupo mpangaji wa siku nyingi, mara nyingi mama mtu mzima anayeshinda nyumbani, ambaye wote humwamkia na hakuna anayethubutu kumdanganya. Huyo ndiye wa kumkabidhi.

Urefu nao husaidia. Balbu iliyoning'inizwa kwa waya juu ya mlango wa choo hufikiwa na mtoto aliyepanda ndoo. Ikipandishwa hadi kwenye mbao za paa, inahitaji ngazi, na mtu mwenye ngazi usiku wa manane huonekana. Katika nyumba zisizo na dari, ambazo kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, balbu huweza kufungwa juu ya ukuta kwa upande wa chumba, ikamulika chumba na korido kwa pamoja. Hapo balbu inapata mwenyewe, ingawa anayelala chumba hicho lazima aridhie na apunguziwe mchango wa LUKU.

Kuiwekea balbu alama kwa rangi au kuchora jina kwa msumari kwenye shingo yake ya plastiki ni hatua ndogo isiyo na gharama. Haimtishi mwizi wa nje. Kwa wa ndani, humtia wasiwasi kila mgeni anapoingia chumbani kwake na kutazama juu. Matundu ya kupitisha hewa yasizibwe kwa rangi, kwani joto likikosa pa kutokea balbu hufa mapema.

Wapo wanaopaka gundi kwenye holda ili balbu isitoke. Hilo ni kosa. Balbu hiyo ikiungua au kupasuka, fundi atalazimika kuivunja ndani ya holda, na ndipo ajali hutokea.

Katika vijiji vya ukanda wa Ruvuma, na hata mjini, upo uwezekano wa kutumia sola kwa taa za pamoja tu. Balbu za volti 12 hazifai kwenye umeme wa Tanesco. Ikifungwa huko huungua mara moja. Zaidi ya hapo, taa za pamoja zinakuwa zimetoka kabisa kwenye LUKU, na yule wa tatu anakosa hoja. Tatizo ni kwamba paneli yenyewe ina soko zuri kuliko balbu.

Vyuma na skrubu, hata hivyo, havijibu swali la nani anunue. Njia inayoelekea kufaa ni kuliandika katika mkataba wa upangaji siku ya kwanza: mwenye nyumba hufunga holda, vizimba na balbu za mwanzo, na wapangaji hubadilisha zilizoungua au kupotea kutoka katika mchango mdogo unaokusanywa pamoja na wa LUKU. Zamu pia hufaa, mradi iandikwe na kubandikwa koridoni. Zamu isiyoandikwa husahauliwa na yule ambaye ni yake.

Na mwizi akikamatwa? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza maana ya wizi katika kifungu cha 258, na hakuna mahali inaposema kuwa balbu ni ndogo mno kuitwa mali. Lakini sheria hiyo hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mtuhumiwa. Vijana waliowahi kupigwa hadi kufa kwa tuhuma za kuku au simu katika miji ya nchi hii walianza kwa kupigiwa kelele kama hizo hizo za uani. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wapo kwa ajili ya usuluhishi, na ikishindikana, polisi.

Kuna hatari moja ambayo haisubiri mwizi apatikane. Holda iliyoachwa wazi bado ina umeme wa volti 230. Kuzima swichi hakutoshi daima, kwa sababu baadhi ya mafundi hukosea kwa kufunga swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, na holda hubaki hai ingawa taa imezimika. Mtoto akichokonoa kwa msumari, au maji ya mvua yakivuja juu yake kutoka kwenye bati, matokeo yanaweza kuwa kifo.

Kwa sababu hiyo balbu iliyoungua isitupwe upesi. Ikiwa kioo chake ni kizima, huweza kurudishwa katika holda, mwenye kuirudisha akiwa amezima swichi kuu ya nyumba, na ikabaki pale kama kizibo hadi mpya inunuliwe.