Mtoto Aliyeondoka Kanada na Haki Yake ya Kurudi

Mtoto hahami, huhamishwa. Wazazi wakiamua kuondoka Toronto kwenda Mombasa au Bujumbura kumwuguza bibi, kufuata kazi, au kwa sababu ndoa imevunjika, mtoto wa miaka saba huchukuliwa pamoja na mizigo. Kadi yake ya ukaazi wa kudumu hukaa kwenye bahasha ya nyaraka za mama mpaka muda wake unapita. Miaka kumi na mitano baadaye mtoto yule ni kijana anayetaka kurudi, na swali linalomkabili ni kama ile safari aliyoamuliwa na watu wazima ilimvua haki yake.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni uraia. Aliyezaliwa Kanada ni raia, hata kama wazazi wake hawakuwa raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wa nchi nyingine. Huyo haombi ukaazi. Anaomba pasipoti ya Kanada. Aliyezaliwa nje akaingia Kanada kama mkaazi wa kudumu hali yake ni nyingine. Familia nyingi huamini kwamba baba akila kiapo cha uraia, watoto nao wamekuwa raia. Sivyo: mtoto huyo lazima aombewe uraia wake. Kama hakuombewa, alibaki mkaazi wa kudumu.

Kuna kosa lingine linalowakatisha tamaa watu wengi bila sababu, nalo ni kudhani kwamba kadi ikiisha muda, ukaazi umekwisha. Kadi, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 5, ni ushahidi tu wa hadhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, iliyoanza kutumika Juni 28, 2002, mkaazi huipoteza hadhi hiyo kwa njia zinazojulikana: kuwa raia, kuikana kwa maandishi, au kutolewa uamuzi rasmi dhidi yake ambao rufaa yake imekwisha au haikukatwa. Pasipo uamuzi, mtu hubaki mkaazi wa kudumu hata akikaa nje miaka ishirini. Sheria ya zamani, ya mwaka 1976, ilitazama nia: aliyekaa nje zaidi ya siku 183 katika miezi 12 alihesabiwa kuwa ameitupa Kanada mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo aliyeondoka kabla ya 2002 anapaswa kuijua vizuri tarehe ya safari yake.

Kubaki na hadhi, hata hivyo, hakumaanishi kwamba sharti limetimizwa. Mkaazi anatakiwa awe Kanada kwa jumla ya siku 730 ndani ya kila kipindi cha miaka 5. Si lazima siku hizo zifuatane, na baadhi ya siku za nje nazo huhesabiwa. Mtoto aliye chini ya miaka 22, asiye na mke wala mume, akiishi ughaibuni na mzazi aliye raia wa Kanada, kila siku yao ya pamoja ni kama siku ya Kanada. Ni hivyo pia kama mzazi ni mkaazi wa kudumu aliyetumwa nje kikazi na kampuni au serikali ya Kanada. Wapo vijana wanaojiona wamepoteza kila kitu, kumbe siku zao zimetimia zote.

Kwa yule ambaye siku hazitoshi, sheria inamtaka ofisa apime sababu za utu na huruma kabla ya kuamua. Hapa ndipo utoto unapopata uzito wake. Ofisa huangalia upungufu wa siku ni mkubwa kiasi gani, kwa nini mtu aliondoka, kwa nini alichelewa, ana ndugu gani Kanada, na atapata madhara gani akinyimwa. Aliyeondolewa akiwa mdogo hawezi kulaumiwa kwa tiketi aliyokatiwa. Lakini swali linalofuata ni gumu zaidi: alipoanza kujiamulia mwenyewe, alifanya nini? Kijana anayerudi akiwa na miaka 19, mara tu baada ya sekondari, ana hoja nzito. Mwenye miaka 35, ambaye kwa miaka kumi na saba hakuuliza wala kujaribu, anadaiwa maelezo ya miaka ambayo ilikuwa yake mwenyewe. Ugonjwa, vita, mzazi aliyeficha nyaraka au kukosa nauli ni maelezo yanayopokelewa, ila yaandamane na ushahidi: matokeo ya shule, vyeti vya hospitali, barua za zamani, hati ya kwanza ya kuingia nchini.

Aliye nje bila kadi halali huomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu. Ombi hilo ndilo linalofungua mashauri: ofisa akiridhika, mtu anapanda ndege, akikataa, uamuzi huo unaweza kumvua hadhi. Zipo siku 60 za kukata rufaa katika Divisheni ya Rufaa za Uhamiaji, ambayo nayo ina uwezo wa kupima utu na huruma upya. Siku hizo zikipita kimya, mlango unafungwa. Anayefika kwenye mpaka wa nchi kavu kutoka Marekani na kuthibitisha kwamba ni mkaazi ana haki ya kuingia, ingawa ofisa anaweza kuandika ripoti juu ya upungufu wake, na ripoti hiyo inaweza kuzaa amri ya kuondolewa.

Mtego unaowanasa wengi ni viza ya matembezi. Mtanzania, Mkenya au Mkongomani akitaka kwenda haraka kwenye harusi ya dada yake, hujaza fomu ya viza. Mkaazi wa kudumu hawezi kupewa viza ya mgeni, hivyo huelekezwa kuukana ukaazi kwanza. Akishatia saini na ombi lake likakubaliwa, haki aliyoibeba tangu utotoni imeondoka kwa mkono wake mwenyewe. Saini hiyo isiwekwe kabla ya kuonana na mwanasheria.

Waliofika Kanada kama wakimbizi, wakiwemo Wakongomani na Warundi waliopitia kambi za Tanzania na Kenya, wana hatari ya ziada. Tangu Desemba 2012, mkimbizi anayeonekana kujirudisha chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, kwa mfano kwa kuchukua pasipoti ya nchi hiyo na kwenda kuishi huko, anaweza kuvuliwa ukimbizi na ukaazi kwa pamoja. Pasipoti aliyochukuliwa mtoto na mzazi wake ni jambo la kuelezwa kwa makini mno.

Si kila nchi inamtenganisha mtoto na uamuzi wa mzazi. Marekani, tangu shauri la Zamora la mwaka 1980, mzazi anayeutupa ukaazi wake huhesabiwa kuutupa na wa mtoto mdogo aliye chini ya malezi yake. Viza ya mkaazi anayerejea hutolewa kwa anayethibitisha kwamba alikusudia kurudi na alizuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Uingereza, ruhusa ya kuishi bila kikomo hukatika kwa kawaida baada ya miaka 2 mfululizo nje, na anayerudi lazima aonyeshe mafungamano ya nguvu na nchi hiyo. Australia ina viza ya mkaazi wa zamani kwa aliyeishi huko kwa ukaazi wa kudumu miaka 9 kabla ya kufikisha 18, mradi aombe kabla ya miaka 45. Ujerumani humpa kibali cha kuishi kijana aliyekaa huko kihalali miaka 8 na kusoma shule miaka 6, akiwa na njia ya kujikimu na akiomba kati ya miaka 15 na 21, ndani ya miaka 5 tangu kuondoka. Kwa msichana aliyepelekwa nje akaozwa kwa nguvu na kuzuiwa kurudi, sheria ya Ujerumani hunyoosha muda hadi miaka 10, na humtaka aombe ndani ya miezi 3 tangu awe huru.