Takwimu za Ndege za Kwanza za Jeti: Zipi Zinawezekana?

Mtahiniwa, wakati mwingine swali la kani na mwendo hukupa takwimu, kisha hukuuliza kama zinawezekana. Wengi hupoteza alama hapa, si kwa kukosea hesabu bali kwa kutojiuliza jibu lina maana gani. Tutumie ndege ya kweli: Messerschmitt Me 262 ya Ujerumani, iliyoingia vitani mwaka 1944.

Ilikuwa na injini mbili za jeti, kila moja ikitoa msukumo wa takriban 8,800 N. Ikiwa imejazwa mafuta na risasi, tungamo lake lilikuwa karibu kilo 6,400. Kasi yake ya juu ilikuwa takriban km 870 kwa saa, katika kimo cha mita 6,000 hivi.

Anza na uwiano wa msukumo kwa uzito. Ukichukua g = 10 m/s², uzito ni 64,000 N na msukumo wote ni 17,600 N. Uwiano ni 0.275. Basi ukiambiwa ndege hii ilipanda wima bila kupungua kasi, kataa mara moja: msukumo ni kama robo tu ya uzito. Mchapuko wake pia hauwezi kuzidi 17,600 ÷ 6,400 = 2.75 m/s² inapokimbia uwanjani, na hapo hujatoa msuguano wala ukinzani wa hewa. Ndiyo maana ilihitaji njia ndefu ya kurukia.

Kupanda je? Uwezo wa injini ni P = Fv. Hata kama uwezo wote ungetumika kuinua uzito, kiwango cha kupanda kingekuwa Fv ÷ W. Kwa kasi ya 130 m/s tunapata 0.275 × 130, yaani karibu 36 m/s. Hiyo ni dari, si jibu. Ndege halisi ilipanda kwa takriban 20 m/s, kwani sehemu kubwa ya msukumo ilimezwa na ukinzani wa hewa. Takwimu iliyo chini ya dari inaweza kuwa kweli. Iliyo juu yake haiwezi.

Mtego mkubwa uko kwenye kasi. Tuseme mbunifu anaongeza msukumo kwa asilimia 20, kisha anaandika kwamba kasi itatoka 870 hadi 1,044 km kwa saa. Amezidisha kwa 1.2 moja kwa moja. Kosa! Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, hivyo kasi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha 1.2, ambacho ni karibu 1.095. Jibu ni km 953 kwa saa, na hata hilo ni kubwa mno. Katika kimo cha mita 6,000 sauti husafiri kwa takriban 316 m/s, yaani km 1,138 kwa saa. Ndege inapoukaribia mwendo huo, ukinzani hupanda ghafla kuliko kanuni yetu inavyosema. Ndege ya kwanza kuthibitishwa kuipita sauti katika safari ya usawa ilikuwa Bell X-1 ya Marekani, Oktoba 1947, nayo ilisukumwa na roketi.

Kumbuka pia kwamba msukumo unaoandikwa kwenye jedwali ni wa injini nzima. Wajerumani walikuwa na uhaba wa nikeli na kromi, kwa hiyo injini za Me 262 mara nyingi zilidumu saa 10 hadi 25 tu. Rubani aliyepewa injini iliyochoka hakuipata ile km 870.

Jaribu mwenyewe: Heinkel He 162 ilikuwa na msukumo wa takriban 7,850 N na tungamo la karibu kilo 2,800. Mtu anadai ilipanda kwa 35 m/s ikiwa na kasi ya 100 m/s. Je, utakubali? Onyesha hesabu.