Gari Lipimwe Kabla ya Dereva Kulaumiwa

Lori litokalo bandari ya Dar es Salaam hufika Kobero, katika tarafa ya Butihinda, likiwa limekwisha kukata zaidi ya kilomita elfu moja. Hapo mpakani dereva huacha Kabanga, upande wa Tanzania, ambako sheria humtaka aendeshe kushoto, akaingia Burundi ambako sharti aendeshe kulia. Mbele yake iko barabara ya lami iendayo Muyinga na kisha Gitega, barabara ya vilima, ya kupanda na kushuka. Lori la jeshi lililojaa askari, gari la polisi, basi la abiria na mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi, wote huishiriki barabara hiyo moja, na uhai wa kila mmoja hutegemea breki za mwenzake.

Ajali inapotokea, maneno huwa mengi. Dereva husema breki hazikushika. Fundi hujibu kwamba gari lilitoka karakana likiwa zima. Aliyekuwa kando ya njia huapa kwamba gari lilikuwa likienda mbio. Pasipo kipimo, lawama humwangukia dereva kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Inawezekana kweli kosa ni lake. Lakini askari huyo anastahili kuhukumiwa kwa ushahidi.

Ushahidi huo waweza kuandaliwa mapema. Watazamaji wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia nchini Kenya mwaka 2021, wameona picha zilizopigwa kutoka ndani ya gari huku tarakimu za mwendo zikibadilika kwenye kioo. Kazi ile ile yaweza kufanywa kwa lori la kikosi. Kamera hupiga picha, kipokezi cha GPS hupima mwendo kwa kutumia setilaiti, kisha programu ya kompyuta huziweka tarakimu juu ya picha. Mtazamaji huona kwa pamoja gari linavyosimama na limetumia mita ngapi kusimama.

Hata hivyo, picha yenye tarakimu huaminiwa upesi mno, na kwa sababu hiyo ni hatari ikiandaliwa ovyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Bali mwongo aliyevaa tarakimu huweza kwenda mbali. Basi yafaa tujue mambo yanayompotosha shahidi huyu.

Jambo la kwanza ni saa. Gari liendalo kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Kamera ipigayo picha 25 kwa sekunde huliona likisogea mita moja katika kila picha. Kipokezi kisomacho mwendo mara moja tu kwa sekunde huacha pengo la mita 25 kati ya kipimo na kipimo. Kisomacho mara kumi hupunguza pengo hilo hadi mita mbili na nusu. Hiki cha pili ndicho kifaacho. Tena, kama tarakimu zimechelewa nusu sekunde nyuma ya picha, kosa ni mita 12 na nusu. Dawa yake ni taa ndogo iliyounganishwa na swichi ya breki, iwekwe mahali inapoonekana na kamera, na waya wake uandikishe alama katika chombo cha kupimia. Taa inapowaka katika picha, alama nayo iwe hapo hapo. Mita zihesabiwe kuanzia nukta hiyo.

Jambo la pili ni mwendo wa kuanzia. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huwa mara nne. Dereva aliyeagizwa kukanyaga breki akiwa na kilomita 60 kwa saa, akakanyaga akiwa na 63, hurefusha umbali kwa sehemu kumi katika mia, na fundi asiye na hatia huweza kulaumiwa. Kwa hiyo mwendo halisi wa wakati wa kukanyaga uandikwe juu ya picha, usikadiriwe.

Jambo la tatu ni mteremko, ambao Butihinda haukosekani. Tuchukue lori ambalo breki zake hupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Likiwa na kilomita 60 kwa saa, kwenye tambarare husimama kwa mita zipatazo 28. Katika mteremko wa mita 6 kwa kila mia, lahitaji zaidi ya mita 31. Likipanda mlima huo huo, mita 25 zatosha. Lori ni lile lile na breki ni zile zile. Basi majaribio yafanywe kwenda na kurudi katika kipande kimoja cha barabara, na matokeo yote mawili yaonyeshwe.

Kwa majaribio ya kushika mwendo, tukumbuke pia kwamba Butihinda iko katika nyanda za juu. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyosukumiwa hewa kwa turbo hupungukiwa nguvu. Muda uliopimwa Dar es Salaam usitumiwe kumkaripia dereva wa Muyinga.

Yabaki mambo ya nidhamu, ambayo sisi wenye sare tunayafahamu. Jaribio lisifanywe katika barabara iliyo wazi kwa raia. Polisi waifunge kwanza, au patafutwe uwanja wa kutosha. Askari wasipandishwe kuwa mzigo: magunia ya mchanga yenye uzito uliopimwa yatosha. Upepo wa matairi, uzito, tarehe na hali ya lami, kavu au yenye maji, viandikwe mwanzoni mwa picha. Kila jaribio lirudiwe, wala lisichaguliwe lililo zuri peke yake. Picha za asili na vipimo vya asili vihifadhiwe kando, ili mwenye shaka aweze kuhesabu upya.

Mkuu wa kikosi atakayefanya hivyo kila baada ya miezi kadhaa atapata zaidi ya picha za kupendeza. Ataona umbali wa kusimama ukirefuka kidogo kidogo, na ataliondoa lori barabarani kabla halijateremka mlima likiwa na watu. Na siku dereva atakaposimama mbele ya wakubwa wake akisema, “Breki hazikushika,” patakuwapo kumbukumbu ya kuonyesha hali ya breki hizo ilivyokuwa zilipopimwa mara ya mwisho.