Kutia Tanga la Kichina kwenye Yoti Ndogo

Tanga la Kichina ni kitambaa kilichotandazwa juu ya fito ndefu, zilizolala kutoka ukingo wa mbele wa tanga hadi ukingo wa nyuma, juu hadi chini, kama mbavu. Huning'inia kwenye mlingoti mmoja mnene unaosimama kwa nguvu zake wenyewe. Yoti ndogo za kawaida za Ulaya na Marekani hazijengwi hivyo. Zina matanga mawili ya pembetatu, moja mbele ya mlingoti na jingine nyuma yake, na mlingoti wenyewe ni mwembamba, umevutwa pande zote kwa nyaya za chuma. Kuibadili yoti ya namna hiyo ni kuviondoa vyote hivyo na kuanza upya kuanzia sitaha kwenda juu.

Mfano uliowapa wengi moyo ni Jester, yoti ya mbao ya mita 7.6, yenye umbo la Folkboat ya nchi za Skandinavia. Mwenyewe alikuwa Blondie Hasler, afisa wa zamani wa wanajeshi wa majini wa Uingereza, yule aliyeongoza shambulio la mitumbwi dhidi ya meli zilizotia nanga Bordeaux mwaka 1942. Mwaka 1960 Hasler aliiingiza Jester, ikiwa na tanga la Kichina, katika mashindano ya kuvuka Atlantiki, baharia mmoja kwa kila chombo, kutoka Plymouth hadi New York. Vyombo vilikuwa vitano. Francis Chichester alishinda kwa siku 40 akiwa na yoti kubwa zaidi, ya mita 12 hivi. Hasler alifika wa pili, kwa siku 48. Kamba zote za tanga lake ziliishia kwenye tundu la duara katikati ya sitaha, naye akazivuta akiwa amesimama humo, miguu ikiwa ndani, pakavu.

Sababu ya watu kuingia gharama ya kubadili chombo ndiyo hiyo hasa. Kwenye yoti ya kawaida, upepo ukichafuka, mtu hulazimika kwenda omo juu ya sitaha inayoteleza ili abadili au apunguze tanga. Tanga la Kichina hupunguzwa kwa kulegeza jarari tu, kamba inayolipandisha tanga. Foromali, mti wa juu unaobeba tanga, hushuka kwa uzito wake, kipande cha chini cha tanga hujikunja kati ya fito mbili na kulala kwenye kamba zinazolikumbatia pande zote mbili, kama mkeka uliokunjwa. Upepo ukizidi, kipande cha pili hufuata, kisha cha tatu. Kazi hiyo humalizika kwa sekunde chache, hata usiku, hata chombo kikiwa kinakwenda na upepo wa nyuma.

Baharia wa jahazi za Afrika Mashariki ataithamini faida nyingine. Jahazi linapogeuza upande, foromali huhamishwa kuuzunguka mlingoti, kazi inayohitaji mikono mingi na nahodha makini. Tanga la Kichina huvuka lenyewe: usukani ukisukumwa, tanga huhamia upande wa pili bila kamba kuguswa. Si ajabu kwamba meli za Zheng He, admirali wa China, zilizofika Malindi katika karne ya 15, zilikwenda kwa matanga ya aina hii.

Kazi ya kubadili huanza kwenye karatasi, na hapo ndipo wengi huharibu. Kila tanga lina kitovu ambapo nguvu ya upepo hukusanyika. Matanga mawili ya zamani yalikuwa na kitovu cha pamoja, na chombo kilichongwa kiende sawa nacho. Tanga jipya ni moja na ni pana, na sehemu ndogo yake, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 ya upana, hukaa mbele ya mlingoti. Ili kitovu kisihame, mlingoti lazima usogezwe mbele, mara nyingi hadi kwenye chumba cha kulala cha omo. Kitovu kikirudi nyuma mno, chombo kitang'ang'ania kuelekea upepo na msukani atachoka. Kikienda mbele mno, chombo kitakwepa upepo kila kinapoachwa, na hilo ni baya zaidi.

Mlingoti ndio unaokula fedha. Kwa kuwa hauna nyaya, nguvu yote ya upepo huupinda pale unapopita kwenye sitaha, na hapo ndipo unapotakiwa uwe mnene kuliko popote. Wengine hutumia bomba la alumini gumu, wengine mbao zilizogundishwa, wengine bomba chini na mbao juu ili ncha iwe nyepesi. Angalau sehemu ya kumi ya urefu wake inapaswa kuwa chini ya sitaha. Sitaha huongezewa plaiwudi nene na resini ya epoksi kuzunguka tundu, na boriti za kupeleka msukumo hadi kwenye ubavu wa chombo. Chini, kwenye mkuku, hujengwa kiti cha kuukamata mguu wa mlingoti usiteleze, chenye tundu la kupitisha maji. Mguu huo lazima ufungwe kwa bolti, kwani chombo kikipinduka mlingoti usiofungwa huchomoka, na tundu lake likabaki mlango wa maji.

Tanga lenyewe mtu anaweza kulishona nyumbani. Mzigo hugawanywa na fito, hivyo kitambaa hakivutwi sana. Turubai jepesi lisiloharibiwa na jua hutosha, na tundu likitokea haliwezi kuchanika kupita ufito wa pili. Fito huwa mabomba membamba ya alumini, au mbao. Vitanzi vya kamba huzishikiza kwenye mlingoti, na ncha ya nyuma ya karibu kila ufito huwa na kamba yake. Kamba hizo hukusanywa pamoja hadi kuwa demani moja mkononi mwa msukani.

Udhaifu upo, nao haufai kufichwa. Tanga la Kichina lililokatwa bapa huenda kwa uzito likielekezwa mbisho, na kwenye upepo mwanana huzubaa. Hasler na Jock McLeod walieleza mtindo huo bapa kwa kina katika kitabu kilichotoka mwaka 1988, baada ya Hasler kufariki. Waliofuata wamejifunza kushona kila kipande kikiwa na tumbo kidogo, na tofauti huonekana mara moja. Wala mlingoti usio na nyaya si kinga dhidi ya kila bahari: mwaka 1968 yoti Galway Blazer II ya Bill King, yenye milingoti miwili ya aina hii, ilipinduliwa kusini mwa Atlantiki na kuvutwa hadi Cape Town.

Kazi ikiisha, tanga hutwekwa kwanza bandarini siku ya utulivu, kila kamba ikaguliwe isisuguane na ufito. Kisha chombo hutolewa kwenye upepo wa wastani. Usukani ukiwa mzito, tanga husogezwa mbele kidogo kwa kamba iliyowekwa kwa kazi hiyo, sentimita chache kila mara, hadi mkono mmoja utoshe kukiongoza.