Mpangaji Kwanza, Nyumba Baadaye

Kuanzia mwaka 2010, kampuni za BG, Statoil na ExxonMobil zilipogundua gesi nyingi kwenye kina kirefu cha bahari ya kusini mwa Tanzania, Mtwara ilichangamka. Viwanja vilisakwa, nyumba za kulala wageni zikaongezeka, na wenye nyumba wakaanza kupata wapangaji ambao mishahara yao ililipwa na kampuni za nje. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 likashuka chini ya dola 30. Kampuni zikapunguza shughuli, wataalamu wakafungasha virago, na mradi mkubwa wa kusindika gesi mkoani Lindi ukazama katika majadiliano yaliyovuta miaka.

Nyumba zikabaki palepale.

Anayetaka kununua au kujenga nyumba ya kupangisha kwa kawaida huanza na bei ya kiwanja, ramani na gharama ya fundi. Ni mambo ya lazima, lakini swali linaloamua zaidi ni jingine: fedha ya pango inatoka mfukoni mwa nani, na ni uamuzi gani, wa mtu gani, unaoweza kuufunga mfuko huo? Mwenye nyumba wa Mtwara aliyepangisha kwa mhandisi wa gesi alikuwa, apende asipende, mfanyabiashara wa mafuta. Kipato chake kilipangwa na soko asiloliona wala kulisikia.

Soko la nyumba hupanda na kushuka kwa sababu nyingine pia, nayo ni muda. Pango likipanda leo, nyumba mpya haipatikani kesho. Kuna kutafuta kiwanja, kibali, msingi, kuezeka na umaliziaji. Miaka miwili hupita kwa urahisi. Katika kipindi hicho kila mwenye akiba aliyeona pango lile lile amechukua uamuzi ule ule, na nyumba zao hukamilika kwa pamoja. Ndipo vibao vya "nyumba inapangishwa" vinapojaa mtaa mzima, hata kama uchumi wa nchi haujatetereka. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege ni busara kuzunguka eneo na kuhesabu mapagala: kila moja ni mshindani ambaye bado hajafungua mlango.

Wakati mwingine mshindani ni Serikali yenyewe. Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Ni jambo jema kwa wanafunzi, lakini aliyekopa ili ajenge vyumba vya wanachuo Changanyikeni au Makongo, jirani na chuo hicho, alipaswa kuanza upya hesabu zake.

Miundombinu nayo hupumbaza. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam lilifunguliwa Aprili 2016, na wengi walitarajia ng'ambo ile ijae wapangaji. Mwaka huohuo mradi wa nyumba wa Dege, wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na mbia wake, uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, ulisimama. Daraja lenyewe lilikuwa la kulipia, na tozo hiyo ilitoka katika mfuko uleule wa mpangaji. Barabara na madaraja huwafikisha watu. Mishahara ndiyo huwafanya wakae.

Baada ya kumjua mlipaji ndipo ije hesabu, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Chukua nyumba iliyogharimu shilingi milioni 100 na kupangishwa kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7.2, yaani asilimia 7.2. Sasa toa miezi miwili ya kukosa mpangaji: inabaki milioni 6. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio, kisha shilingi 600,000 za rangi, mabomba na dalali. Mkononi inabaki milioni 4.8. Kama milioni 60 za nyumba hiyo ni mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 9. Mwenye nyumba huyo anamlipia mpangaji wake pango bila kujua. Kwa kulinganisha, mwaka 2021 hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilitoa riba ya asilimia 15.95, isiyokatwa kodi.

Hii haina maana kwamba nyumba ni uwekezaji mbaya. Ardhi mijini hupanda thamani na pango hupandishwa kadiri maisha yanavyopanda, ilhali riba ya hatifungani haibadiliki. Lakini faida hiyo huja kwa anayeweza kusubiri, na anayedaiwa kila mwezi hana subira ya kutosha.

Desturi ya kupokea pango la miezi 6 au 12 kwa mkupuo huongeza hatari. Fedha ya mwezi wa kumi na moja haijawa ya mwenye nyumba siku anapoipokea. Inapaswa kukaa akaunti ya pembeni na kutolewa mwezi kwa mwezi. Na soko likilegea, ubishi hugharimu. Nyumba ile ya 600,000 ikikaa tupu miezi mitatu inapoteza milioni 1.8. Kushusha pango hadi 520,000 kwa mwaka mzima kunapoteza 960,000 tu, na mpangaji mlipaji mzuri anabaki.

Masaki na Oysterbay, jijini Dar es Salaam, kulikuwa na kinga iliyopendwa dhidi ya kushuka kwa shilingi: kutoza kwa dola. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipiga marufuku kupanga bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni nchini. Aliyekokotoa marejesho ya mkopo wake kwa dola ana sababu ya kufungua tena daftari.

Macho ya wengi sasa yako Dodoma. Tangu Julai 2016, Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia huko, mfuko wa mlipaji umekuwa wa uhakika kuliko ule wa gesi: watumishi wa umma hawaondoki bei ya mafuta inaposhuka. Lakini tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa nne. Mtumishi mwenye mke na watoto wanaosoma Dar anaweza kuwaacha hukohuko na kurudi Ijumaa. Huyo hahitaji nyumba ya vyumba vitatu yenye uzio. Anatafuta chumba kimoja chenye choo ndani, karibu na Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, au kituo cha treni. Anayechora ramani leo aende kwanza akawaulize watumishi familia zao zinaishi wapi.