MCPB, kiuagugu cha mashamba ya njegere

MCPB ni kiuagugu cha kundi la asidi za fenoksi, kinachotumika hasa katika mashamba ya njegere na malisho yenye klova. Huangamiza magugu ya majani mapana yangali machanga, lakini nyasi hakiziwezi. Wanasayansi wameandika mengi zaidi kuhusu 2,4-D na MCPA, viuagugu vya kundi hilohilo vilivyoanza kutumika miaka ya 1940. Hata hivyo, utendaji wa MCPB ni wa ajabu kuliko wa hivyo viwili.

Yenyewe MCPB ni dhaifu. Inatofautiana na MCPA kwa urefu wa mnyororo wake wa asidi tu: MCPA ina kaboni 2 hapo, MCPB ina 4. Ikishaingia jani la gugu, vimeng'enya vinavyovunja mafuta katika mmea hukata kaboni mbili za mnyororo huo, na kinachobaki ni MCPA. Hiyo ndiyo inayoua. Huiga auksini, homoni ya ukuaji, ila mmea hauwezi kuidhibiti kama unavyodhibiti homoni yake. Shina hupinda, majani hujikunja, njia za chakula huharibika, na gugu hufa taratibu. Njegere na klova hufanya ukataji huo kwa kiasi kidogo mno, ndiyo maana hubaki salama. Gugu, kwa hakika, hujitengenezea sumu yake lenyewe.

Mwaka 1947, watafiti Synerholm na Zimmerman wa Marekani walibaini, katika kemikali za jamii ya 2,4-D, kwamba minyororo yenye idadi shufwa ya kaboni huathiri ukuaji wa mmea, na yenye idadi witiri haiathiri. Kaboni zikiondolewa mbilimbili, shufwa huishia kwenye asidi yenye nguvu. Witiri huishia kwenye fenoli isiyo na athari hiyo. Miaka ya 1950, Louis Wain na wenzake wa Chuo cha Wye, Uingereza, waliigeuza kanuni hiyo kuwa njia ya kuchagua mmea wa kufa na wa kupona.

Hata njegere zina kikomo: hupuliziwa kabla ya kuchanua. Upepo ukipeperusha dawa, zabibu, nyanya na pamba za jirani huweza kudhurika. Mkulima asiipulizie maharage au kunde kwa kuwa tu ni jamii moja na njegere. Asome kwanza lebo, na zao lisilotajwa humo aliache.